Mstari Mnene Baada ya Kapkatet

Ni Beryl aliyeanzisha maneno. Jumapili jioni, hata sijavua viatu, ameshaweka picha ya ramani ya mbio zangu, ile iliyochorwa na saa, kwenye kundi letu la wakimbiaji na kuandika: "Jamani, Atieno alifukuzwa na mbwa?" Mkacheka wote. Kweli ukiitazama ile ramani, mstari mwekundu unatoka Kericho vizuri, unapita Litein, unapita Kapkatet, halafu unaingia njia ya udongo, na hapo mwishoni unakuwa mnene kana kwamba mtoto amerudia rudia na kalamu ya rangi. Juu, chini, juu, chini, mahali pale pale. Mmeuliza kama ni mbwa, au nilipotea, au saa yangu iliharibika. Nimekaa kimya tangu siku hiyo. Leo nawaambia, lakini mtanivumilia nianze mwanzo.

Na mwanzo wenyewe ni kwamba tulipaswa kwenda kundi zima. Tulikubaliana kwamba wikendi hii ndefu tupande Kericho tukakimbie kwenye baridi, mapafu yapanuke. Mmoja akapata harusi, mwingine akapata goti, mwingine akaangalia hali ya hewa kwenye simu akaandika tu, "Haki mimi nilizaliwa Kisumu." Beryl, wewe uliniambia unapakia nguo. Nadhani bado unapakia.

Kericho, kwenye ukungu

Nyinyi watu wa ziwani mnadhani baridi ni ile inayotoka ukifungua friji. Baridi ya Kericho mwezi wa saba unaamka uikute imeshalala kitandani, upande wa ukutani. Nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo, nikavaa na soksi mikononi, nikashuka hadi kwenye geti la nyumba ya wageni. Soja alikuwa amelikumbatia jiko la makaa, nusura alikalie.

"Madam, unaenda wapi na hii baridi?"

"Nakimbia mpaka upande wa Kapkatet."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, kisha akarudi juu. "Kuna mtu amekufa?"

"Hapana. Ni mazoezi."

"Basi ngoja kwanza ukunywe chai. Mazoezi haiozi."

Nikanywa. Kikombe kimoja kikazaa kingine, maana nje huoni hata nguzo ya stima, na malori ya majani chai hayana huruma na mtu aliyevaa soksi mikononi. Nikakaa pale kwenye benchi lake nikisingizia ukungu. Lakini kusema ukweli sikuwa nangoja ukungu. Nilikuwa naogopa kufika.

Wengi wenu hammjui Chepkoech. Tulisoma naye shule ya upili huko huko Kericho, bwenini. Mimi nilikuwa mtoto wa mchuma chai, nimezaliwa katika nyumba za kampuni. Yeye alitoka kijiji kimoja mbele ya Kapkatet, kwao wana chai kidogo na ng'ombe. Yeye alikuwa mkimbiaji. Mimi nilikuwa mtu wa kumfuata. Shule ikifungwa mwezi wa saba, wenzetu walikwenda nyumbani kwa gari, na sisi tulimpa mtu masanduku yetu, tukakimbia kutoka Kericho hadi kwao. Mama yake alikuwa akitungoja na maziwa. Nilikaa kwao siku mbili tatu, ndipo nikarudi kwetu.

Baadaye Chepkoech akachukuliwa na nchi moja ya jangwani, akapewa pasipoti yao na jina lao, akawa anawakimbilia. Hajarudi tangu wakati huo. Kila mwaka palikuwa na mashindano, kambi, ama kitu. Mwaka huu alimwahidi mama yake kwamba mwezi wa saba, liwe liwalo, atakuja. Halafu Alhamisi ile kabla sijaondoka Kisumu, akanipigia.

"Atieno, mguu umekataa," akasema. "Mshipa wa kisigino ulikatika, wakaushona, ukakataa. Nachechemea kama bata. Siwezi kurudi nyumbani hivi."

"Mwambie mama yako."

"Nikimpigia nitalia. Akisikia nimelia ataanza kuuliza. Si wewe unaenda huko? Mwambie mwaka huu haiwezekani. Mguu usiutaje. Asijue kabisa."

Nikamwambia sawa. Sijui kwa nini mtu husema sawa haraka hivyo. Kwa hiyo, wapenzi, nyinyi mlijua naenda mazoezi, na mimi nilijua nabeba habari ya kumvunja moyo mama wa watu. Soja akaniongeza chai bila kuuliza, nikaona sasa nitanywa mpaka mchana. Nikaondoka.

Mashamba ya kampuni

Nilikata kupitia mashambani kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Ukungu ulikuwa umelalia michai, na kwa mbali nikasikia mashine ya kuvuna ikinguruma. Enzi zetu saa hiyo ungeona vichwa tu vya watu, na mama yangu akiwa mmoja wao na kikapu mgongoni, akiimba nyimbo za kwao. Sasa yuko nyumbani karibu na ziwa, anafuga kuku, na kila akiulizwa juu ya Kericho anashika magoti yake.

Niwaeleze jambo moja kuhusu njia za katikati ya michai, kwa sababu habari yote inasimama hapo. Ni nyembamba. Zilikatwa ili mchumaji apite na kikapu chake, mmoja tu. Hamwezi kukimbia bega kwa bega kama tunavyofanya sisi kando ya ziwa tukipiga umbea. Mmoja huwa mbele na mwingine nyuma, na mimi siku zote nilikuwa nyuma. Miaka ile yote nilijifunza kukimbia nikitazama visigino vya Chepkoech. Alikuwa na mbio zake: mguu wa kushoto unapiga, wa kulia unakwaruza kidogo kabla haujainuka. Pa, shwa. Pa, shwa. Kwenye mteremko ule mkwaruzo ulizidi. Hakuna aliyenifundisha kukimbia hivyo, lakini miguu yangu ilizishika mbio zake, na mwalimu wetu wa michezo alikuwa akisema akifumba macho anasikia mtu mmoja mwenye miguu minne.

Nikiwa katika mawazo hayo, mlinzi akatokea kwenye ukungu, koti mpaka magotini.

"Hapa hapapitwi."

"Mimi ni wa hapa. Nimezaliwa hapa."

"Wapi?"

"Zile nyumba za chini, karibu na tangi."

"Tangi gani?"

"Lile la maji lenye nyuki."

Akacheka. "Hao nyuki bado wako. Wameuma mpaka meneja." Akaniachia njia, lakini hakumaliza. "Madam, unakimbia ya nini?"

"Mimi ni mkimbiaji."

"Wakimbiaji wamepita kitambo," akasema kwa upole, kama mtu anayekwambia umekosa gari. "Na wanakuwanga wembamba."

Nikamshukuru. Nikaingia kwenye njia yetu, ile ya mtu mmoja, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Nilimkumbuka Chepkoech. Nimekimbia na nyinyi miaka mingapi sasa, na nawapenda, lakini kila nikikimbia mbele naona kuna mahali palipo wazi.

Mto Kiptiget

Kutoka pale barabara inateremka hadi mtoni kisha inapanda bila aibu. Kwenye mteremko nilikuwa malkia. Kwenye mpando mvua ya mawe ikanikuta. Si mvua ya mzaha: mawe kama mbegu za maharagwe, yakinigonga kichwani na mikononi kwenye soksi. Nikakimbilia banda la kupimia majani chai kando ya barabara. Ndani walikuwa wamama kadhaa wakingoja lori, kila mmoja na magunia yake ya majani.

Wakanisogezea nafasi. Mmoja, mama mnene mwenye koti la mwanamume, akanimiminia chai kutoka kwenye thamosi, akanipa hindi la kuchemsha ambalo bado lilikuwa na joto. Lile hindi sitalisahau. Nililishika kwanza kwa mikono yote miwili kabla ya kulila, na wao wakanicheka kwa Kikipsigis wakidhani sisikii. Nikawajibu kwa Kikipsigis. Wakapiga makofi.

"Kumbe ni wetu," akasema mwenye koti. "Sasa unaenda lini?"

"Naenda sasa, mvua ikipungua."

"Hapana, huko. Kwa wazungu. Wenye kukimbia si wanaendanga huko?"

Nikajaribu kueleza kwamba nakimbia tu, kwa afya, na kwamba siku za kazi nauza mabati na misumari ofisini. Hawakukubali. Wakaona naficha. Mmoja akasema binti yake pia anakimbia na anataka kujua huyo wakala wangu anaitwa nani. Mwingine akasema mwanawe alikwenda, anatuma picha tu, picha nzuri, akiwa amesimama kando ya magari. Kisha akasema, "Picha haina sauti," akarudi kuchambua majani yake, akitupa yaliyokomaa.

Nikakaa nikitafuna hindi langu. Hawa wanawake walikuwa na haki ya kunishangaa. Huko kwao mtu hukimbia ili aondoke. Msichana akianza kuamka alfajiri na viatu, kina mama wanaanza kuhesabu siku watakazobaki naye. Na mimi nilikuwa nakimbia kinyume, kurudi ndani, na nilichobeba ni neno la mtu aliyeondoka.

Lori lilichelewa, mvua ikachelewa pia kukoma. Tulikaa sana. Nilipotoka, miguu ilikuwa imekauka kama mbao, na mama mwenye koti akaniita kutoka mlangoni.

"We! Nani alikufundisha kukimbia hivyo? Hiyo miguu ni ya huku kwetu."

Nikapunga mkono. Sikuwa na pumzi ya kueleza.

Litein

Litein ilikuwa siku ya soko. Nilifika nikiwa na njaa ya kumla mtu. Nikaingia hoteli ya kwanza niliyoiona, nikaagiza chapati na maharagwe, nikala, nikaagiza tena. Msichana aliyenihudumia aliuliza kama nangojea mwenzangu. Nikasema ndiyo. Ilinitoka tu.

Mtu haendi kwa mama wa watu mikono mitupu, kwa hiyo nikanunua mkate na sukari. Sukari iliingia kwenye mkoba wangu wa mgongoni. Mkate haukuingia bila kuwa chapati, basi nikaushika mkononi. Hebu fikirieni: mwanamke wa umri wangu, soksi mikononi, anakimbia katikati ya soko la Litein na mkate kama kijiti cha kupokezana. Watoto wa soko lote wakanifuata. Mtu wa bodaboda naye akapunguza mwendo kando yangu.

"Mathe, panda. Hiyo mbio utaimaliza kesho."

"Niache."

"Basi nipatie tu mkate, mimi niutangulize."

Nilicheka mpaka nikasimama. Na nikisema ukweli, nusura nipande. Si kwa uchovu. Nilitaka kufika haraka, niseme neno langu moja, nigeuke na pikipiki hiyo hiyo kabla sijamwona mama akikaa chini. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno lenyewe tangu mtoni. "Mama, Chepkoech anasema mwaka huu haiwezekani." Nililisema kwa sauti ya furaha, nikalisema kwa sauti ya kawaida. Kila nilivyolisema lilisikika vibaya. Bodaboda akachoka nami, akaenda zake.

Mteremko

Baada ya hospitali ya Kapkatet na maduka, mbele kidogo, unaacha lami na kuingia njia ya udongo. Kuna mkaratusi mkubwa kwenye kona, na kutoka hapo ni mteremko mtupu hadi kwao Chepkoech, chai kushoto, mahindi kulia. Ukungu ulikuwa umerudi. Sikuona mbele zaidi ya hatua chache.

Nilichoka, jamani. Nilichoka hata nikaacha kufikiri, nikaacha kulikariri lile neno langu. Mtu akichoka hivyo mwili hujiendesha wenyewe kwa njia uliyoizoea. Nilikuwa nasikia miguu yangu kwenye kokoto kana kwamba ni ya mtu mwingine. Pa, shwa. Pa, shwa.

Ndipo nikasikia mlango wa bati ukigonga huko chini, na sauti.

"Chepkoech! Chepkoech!"

Akatokea katikati ya barabara, kwenye ukungu, mama mzee wa gambuti na kitambaa kichwani. Alikuwa ameshika sotet kwa mikono miwili. Sotet ni kile kibuyu kirefu cha maziwa ya mursik, maziwa yaliyolala na kutiwa unga wa mkaa wa mti. Kwao mtu aliyekwenda mbali akirudi, hukutana nayo nje, kabla hajalivuka geti. Anakunywa akiwa amesimama na vumbi lake, ndipo anaingia. Mama alikuwa ameitayarisha kwa sababu aliahidiwa mwezi wa saba. Na kifuniko alikuwa ameshakitoa.

Nikasimama. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Mmoja ulikuwa na mkate.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Ni Atieno."

Alisogea karibu sana, akanitazama usoni. Kisha akatazama nyuma yangu, barabarani, kana kwamba mwingine anafuata. Mwishowe akatoa kifuniko mfukoni mwa sweta, akakirudisha kwenye kibuyu polepole, akakikaza kwa kiganja.

"Umenenepa," akasema. "Ingia, utashikwa na baridi."

Jikoni

Aliniweka karibu kabisa na moto, akanivua zile soksi mikononi yeye mwenyewe, akazitundika. Akanipa chai ya kikombe. Kile kibuyu alikirudisha mahali pake ukutani. Nikamkabidhi mkate na sukari, akashukuru, "kongoi, kongoi," akaviweka chini bila kuvitazama.

"Alisema akuje mwezi wa saba," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hii ni mwezi wa saba."

"Ndiyo."

"Na ni wewe umekuja."

Lile neno langu lote nililolifanyia mazoezi likanikauka mdomoni. Nikasema tu, "Anasema mwaka huu imeshindikana."

Akachochea moto. Hakulia, msifikiri alilia. Alikuwa ananitazama miguu. Nilikuwa nimeinyoosha kwenye joto, na yeye akautazama mmoja, akautazama mwingine, kama mtu anayetazama ng'ombe sokoni.

"Nilikuwa kwa ndama," akasema. "Nikasikia kutoka kwa mkaratusi. Nikasema huyo ni mtoto wangu, hata kama ni usiku, hata kama macho yangu imekufa, huyo ni yeye. Ile mguu ya kukwaruza." Kisha akauliza, polepole, "Yeye ni mgonjwa?"

Niliahidi kwamba mguu sitautaja. Lakini nyinyi mtaniambia, mtu akikutazama miguu hivyo, utamdanganya vipi?

"Si ugonjwa, mama. Ni mguu. Mshipa wa kisigino."

"Gani?"

"Wa kulia."

"Ya kukwaruza."

"Huo huo. Hatakimbia tena. Anachechemea, na anasema hataki umwone hivyo."

Hapo alikasirika. Ilikuwa afadhali, nilipumua. "Mimi?" akasema. "Mimi nilimwona akitambaa, makamasi mpaka hapa! Nikambeba mgongoni mpaka hospitali ya Kapkatet na mvua ikinyesha! Sasa ni kuchechemea ndiyo ataniogopa?" Akaupiga ukuni kwa ukuni mwingine, cheche zikaruka. "Nyinyi watoto mnafikiri tunangoja mbio. Nani alisema tunangoja mbio?"

Nje ndama alilia, naye hakuinuka. Hasira ikamtoka kidogo kidogo, akabaki mdogo kwenye kile kigoda chake.

"Lakini nilikuwa napenda kumsikia akishuka," akasema.

Tukausikiliza moto. Nilikuwa nimeanza kukakamaa. Mapaja, nyonga, kila kitu kilikuwa kimeganda kama ugali wa jana.

"Atieno," akasema. "Umechoka?"

"Nimechoka, mama."

"Umechoka sana sana?"

Nikamtazama, nikajua anachotaka kabla hajasema, na yeye akaona haya kidogo, akageukia sufuria.

"Rudi huko juu kwa mkaratusi," akasema akiwa amenipa mgongo. "Halafu ushuke vile umeshuka."

Huo mstari

Kwa hiyo hakuna mbwa. Nilivaa viatu vyangu vilivyolowa, nikaupanda ule mlima kwa kutembea, nikishika kiuno, na saa yangu mkononi ikiandika kila kitu kama shahidi. Nilipofika kwenye mkaratusi nikageuka, nikaanza kushuka.

Mara ya kwanza nilikimbia nikimfikiria yeye. Nilikwaruza mguu wa kulia makusudi, niliinamisha bega kama lake. Nikafika chini. Mama alikuwa amesimama getini, ameipa barabara mgongo, kitambaa ameking'oa masikioni ili asikie.

"Hapana," akasema bila kugeuka. "Hiyo ni wewe unacheza."

Nikapanda tena. Nikashuka tena. "Hapana. Haraka sana." Nikapanda. Sasa nilikuwa nalia, si kwa huzuni tu, ni mapaja pia. Nilipofika juu nilikuwa sina tena nguvu ya kuigiza mtu yeyote. Nikafanya kile nilichokuwa nikifanya zamani kwenye njia za chai. Nikatazama chini, hatua chache mbele yangu, mahali ambapo visigino vyake vingekuwa, nikavifuata.

Na vilikuwepo. Sijui niwaambieje. Ukungu, kokoto, na visigino vya msichana wa shule, soksi moja imeshuka, vikitangulia, navyo haviningojei. Nilitaka kumwambia angoje. Nilitaka kumwambia kwamba nimechoka kukimbia na watu wengine. Nikashuka nikimfuata hadi chini, na wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba zile mbio hazipo tena popote duniani, yeye mwenyewe hana, zimebaki kwenye miguu yangu mimi, mtoto wa Mjaluo wa nyumba za kampuni, muuza misumari.

Nilimpita mama. Hakugeuka, hakusema hapana. Nikasimama mbele kidogo, mikono magotini.

Aliniacha nipumue. Kisha akarudisha kitambaa chake kichwani, akakifunga vizuri.

"Sasa imetosha," akasema. "Nimemsikia ameshuka. Mwambie yeye akuje akitembea."

Nililala kwao. Nilikula kimnyet, ndio ugali wao, na mboga, na chai isiyohesabika. Msiniulize kama nilionja ile mursik, haikuwa yangu. Asubuhi nilimkuta ameimimina kwa ndama, anakiosha kibuyu ndani kwa ule ufagio wake mdogo mrefu, na mkaa mpya uko kando, tayari kwa maziwa mengine.

Ile ramani mliyoicheka nilimtumia Chepkoech Jumapili usiku, na maneno ya mama yake chini, kama yalivyo. Nikamwambia pia kwamba mguu nimeutaja, anitukane akitaka. Aliona, hakujibu. Jumatatu hakujibu. Ndiyo maana nami sikuwajibu nyinyi. Sikuwa najua kama nimeharibu ama nimetengeneza.

Leo asubuhi nikiwa kazini simu ikalia. Ujumbe mfupi tu. Anauliza, kutoka kwenye lami hadi kwao, mtu akiwa anatembea polepole, ni mbali sana?

Nimemjibu kwamba ni mteremko mtupu.